Jiriwa la Zamani, Kuanzia Ufa Hadi Bolti

Jiriwa la Record nililolifunga mwezi uliopita kwenye gereji ya nyumbani, hapa Tanga, lilisubiwa Sheffield, Uingereza, likatumika kwenye karakana ya shamba la mkonge mpaka karakana ilipofungwa. Lilinifikia likiwa limeganda: mpini hauzunguki, taya zimeshikana, rangi ya buluu imebaki vifichoni tu. Vyuma kama hivi huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, na inaniuma, maana jiriwa zito likitunzwa huweza kurithiwa na wajukuu.

Kabla ya kugusa kutu nilitafuta ufa. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindi, kikizidiwa, hupasuka. Karakana za reli zilikuwa na njia rahisi ya kuubaini ufa, na hadi leo inafaa. Unapaka mafuta ya taa, unayaacha yapenye, unafuta mpaka pakauke, kisha unanyunyiza unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari. Nilikagua zaidi masikio ya bolti na shingo ya taya inayotembea, kwa sababu wapo wanaovisha bomba kwenye mpini ili wakaze kwa nguvu, na shingo ndiyo inayobeba adhabu hiyo. Mstari ungetokea hapo, ningeliacha. Kuchomelea chuma cha kusubu kunataka kukipasha moto chote kwanza na kutumia vijiti vya nikeli. Ukikichomelea kama geti, kikipoa hujivuta na kupasuka kando ya mchomeleo.

Kwenye kutu wengi hukimbilia grainda. Grainda haichagui, inakula kutu pamoja na chuma kizima, na nyuso ambazo taya huteleza juu yake zikishaliwa, jiriwa litacheza siku zote. Nilichagua elektrolisisi: beseni la plastiki, maji, soda ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, na chaja ya betri ya gari ya volti 12. Waya hasi unafungwa kwenye jiriwa, chanya kwenye kipande cha nondo. Ukizigeuza, jiriwa ndilo litakaloliwa. Kutu hulegea na sehemu yake hugeuka weusi laini unaotoka kwa brashi. Kwa kuwa umeme hufanya kazi zaidi upande unaotazamana na nondo, nililigeuza kila upande ulipokuwa safi.

Magadi ghafi ya sokoni yana soda hiyohiyo, lakini huchanganyika na chumvi ya kawaida. Chumvi hutoa klorini kwenye nondo, na mabaki yake hualika kutu upya, kwa hiyo nilitumia soda iliyosafishwa. Kazi hii ifanyike nje, maana beseni hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Na upande wa chanya usiweke kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu: kromiamu iliyomo hugeuka sumu inayosababisha saratani.

Skrubu za bamba za taya zilikuwa zimekufa, nikatafuta nyingine. Hapo ndipo majiriwa mengi ya zamani huharibiwa. Hesi zake ni za Whitworth, kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841, zenye pembe ya nyuzi 55, wakati za metriki zina nyuzi 60. Skrubu ya robo inchi ya Whitworth ina hesi 20 kwa inchi, yaani milimita 1.27 kutoka moja hadi nyingine; M6 ya dukani ina milimita 1. M6 itaingia mizunguko michache ikilegea, kisha itakwama, na ukiilazimisha utasaga hesi za jiriwa lenyewe. Nilisafisha matundu na kuweka skrubu za kipimo chake.

Kwa bolti za kufungia hali ni tofauti, maana matundu ya masikio hayana hesi. Yana upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, na M12 hupita bila shida. Benchi ni ubao wa mninga wa inchi 2, na jiriwa limekaa juu ya mguu wa benchi, ili pigo la nyundo lishuke sakafuni badala ya kutikisa ubao. Bolti zimepita mpaka chini, zikakazwa juu ya bamba la chuma. Skrubu za mbao zingeng'oka. Taya isiyotembea imetokeza kidogo nje ya ukingo wa benchi. Bila hivyo, bomba refu likisimamishwa wima lingegonga ubao.

Urefu nao haukadiriwi kwa macho. Simama wima, weka ngumi chini ya kidevu: kiwiko kiguse juu ya taya. Jiriwa likiwa chini zaidi, mgongo ndio unaosukuma tupa. Likiwa juu zaidi, mabega huchoka na tupa hupinda njia.

Skrubu kuu nimeipaka grisi. Sehemu zilizo wazi nimezipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye tapentaini, chuma kikiwa na joto kidogo, kwa kuwa hewa ya bahari hapa haina huruma na mafuta hukusanya vumbi la chuma. Nati nilizikaza tena baada ya wiki ya kwanza, mninga ulipokwisha kubonyea chini ya masikio.