Namna ya Kupima Tamthilia ya Mazungumzo ya Siri

Watu wameketi, wanaongea, na mtazamaji anaujua mwisho. Mwandishi wa tamthilia ya namna hii hana bunduki wala mbio za magari za kumwokoa. Mpime kwa watu wasiokuwamo chumbani: je, uzito wao unasikika?

Chukua Endgame, filamu ya televisheni ya Uingereza ya mwaka 2009, iliyoandikwa na Paula Milne na kuongozwa na Pete Travis. Inahusu vikao vya siri kati ya ANC, chama kilichopigania kuuangusha ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, na wasomi wa Kikaburu, vilivyoanza 1987 huko Uingereza na baadaye kufanyika katika jumba la Mells Park, Somerset, kwa fedha za kampuni ya madini, Consolidated Gold Fields.

Kwanza, tazama nyuma ya kila kiti. Mjumbe asiyewajibika kwa yeyote ni kipaza sauti tu. Chiwetel Ejiofor, akiwa Thabo Mbeki wa ANC, hapaswi kutamka neno bila kumkumbuka Oliver Tambo, kiongozi wa ANC aliye uhamishoni kule Lusaka. William Hurt, akiwa Profesa Willie Esterhuyse, ana mzigo mzito zaidi: Niel Barnard, mkuu wa ujasusi wa serikali ya Afrika Kusini, anasubiri taarifa. Kila neno la Esterhuyse lina wasikilizaji wawili, na Hurt anaigiza hesabu hiyo usoni kabla hajafungua mdomo. Hapa filamu inapata alama za juu.

Pili, pima bei ya kukubali. ANC ikitakiwa iweke silaha chini, uone kwa nini haithubutu: imepigwa marufuku tangu 1960 na baadhi ya viongozi wake wako kifungoni. Kaburu akilegeza msimamo, umjue atakayemwita msaliti nyumbani. Makubaliano yasiyomgharimu mtu hayana tamthilia.

Tatu, mtafute mfungwa. Nelson Mandela, kiongozi wa ANC aliyekuwa kifungoni, hakukanyaga Somerset, ilhali serikali ilikuwa ikizungumza naye gerezani kwa njia nyingine. Mswada mzuri huzifanya njia hizo mbili zitiliane shaka: nani anajua nini, na nani anatengwa na wenzake?

Nne, sikiliza kelele za nje. Hapa Endgame inapwaya. Jumba la Mells Park halikuuangusha ubaguzi wa rangi peke yake. Kulikuwa na UDF, muungano wa wapinga ubaguzi ndani ya nchi, tangu 1983, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, tangu 1985, vikwazo vya kimataifa, vita vya Angola, na nchi jirani za mstari wa mbele zilizounga mkono ukombozi, ikiwemo Tanzania iliyowapa wana-ANC makazi Mazimbu, Morogoro. Filamu moja haiwezi kubeba yote, lakini lazima tuone kwamba Makaburu walisukumwa hadi mezani. Mtazamaji akiondoka akidhani ni ukarimu wa matajiri, ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Jiulize pia mwenye migodi alitafuta nini.

Mwisho, jaribu kueleza hoja ya upande unaouchukia kwa maneno ambayo wenyewe wangeyakubali. Kuielewa hakuihalalishi. Lakini ukishindwa, mwandishi alikuonyesha watu wakihukumiwa, na wewe ulikaa kutazama watu wakijadiliana.