Wanda kwa Shibiri

Ukiingia maduka ya vinyago ya Bagamoyo utakuta majahazi madogo yamepangwa rafuni kwa ukubwa, yamepakwa vanishi yakang'aa, matanga meupe yasiyo na kiraka hata kimoja. Yanapendeza, na wageni wanayanunua. Mimi huyapita. Kinachonisimamisha, nikibahatika kukikuta, ni kingalawa kilichochongwa na mtu anayeijua ngalawa: gogo moja, mbao mbili za matengo pembeni, mlingoti mmoja, tanga moja. Wengi hudhani fundi huchagua ngalawa kwa kukwepa kazi ya jahazi. La hasha. Jahazi lina sitaha, na chini ya sitaha fundi mvivu anaweza kuficha gundi, mbao zilizokatwa kombo na mataruma ambayo hayapo. Ngalawa haina pa kufichia. Ndani unaona, nje unaona, na kila kilichofungwa unaona kilivyofungwa.

Ngalawa yenyewe haiko mbali. Teremka ufukweni, chini ya jengo la forodha la enzi za Wajerumani, jirani na soko la samaki, utazikuta zimelala mchangani maji yakipwa. Ziko Mlingotini na Kunduchi upande wa kusini, ziko Saadani upande wa kaskazini. Anayeziunda hana mchoro wala hesabu iliyoandikwa. Hununua mwembe ungali umesimama, akauzunguka na kuutazama mpaka ajue omo, yaani mbele ya chombo, itatoka wapi na tezi, nyuma yake, itakaa wapi. Ukishaangushwa, huchongwa kwanza palepale shambani ili upungue uzito, ndipo uburutwe pwani. Kipimo chake ni uzi uliopakwa masizi, mkono, na jicho. Kwa hiyo anayetaka kuiunda ndogo huanza na kazi ambayo fundi mkubwa hajawahi kuihitaji: kuipima ngalawa yote, mwanzo hadi mwisho.

Hapo vipimo vya wazee vinafaa kuliko rula. Mkono una wanda, yaani upana wa kidole. Una shibiri, tangu ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima. Shibiri ya mtu mzima hukaribia wanda kumi na mbili. Basi ukiweka wanda mahali pa kila shibiri, umeshapunguza ngalawa mara kumi na mbili bila kugawanya chochote kwenye karatasi. Ngalawa ya pima tatu, ambayo ni shibiri 24, inakuwa na urefu wa wanda 24, kama sentimita 45. Inakaa mezani vizuri, na fundo bado linaonekana. Ukiipunguza sana kuliko hapo, kamba zinakuwa nyuzi zisizofungika, na kazi yote inaangukia kwenye gundi.

Katika ubao, kufuata asili neno kwa neno kunaweza kukupoteza. Ngalawa ni mwembe, basi mtu angesema kingalawa nacho kiwe mwembe. Lakini mwembe una nyuzi pana, na nyuzi za mti hazikubali kupunguzwa mara kumi na mbili. Mstari usioonekana kwenye ngalawa kubwa, kwenye ndogo unakuwa mfereji. Fundi mwangalifu hutafuta mti wenye nyuzi zilizobanana, mndimu au mchungwa uliokaushwa kivulini, kisha huutia rangi mpaka ukaribie kijivu cha mwembe uliokaa chumvini. Kuta za ngalawa zenye unene wa sentimita nne zinakuwa za milimita tatu na kidogo. Humo tezo haiingii. Kazi inaanza kwa patasi ndogo, inaendelea kwa kisu kilichopindwa ncha, na inamalizikia kwa kipande cha chupa kinachokwangua unga mwembamba kila kikipita. Unene fundi huujua kwa kuubana ukuta kati ya kidole gumba na cha shahada, akivitembeza vidole kutoka omo hadi tezi. Panapozidi, vidole vinahisi kabla ya macho kuona. Nimewahi kukaa karibu na fundi akifanya hivyo: akwangue, abane, akwangue tena. Watoto waliokuja kutazama walichoka mapema wakaenda zao kucheza mpira, na nawaelewa. Ila hatari yote iko katika dakika hizo za kuchosha, maana ukuta ukitoboka sasa, gogo zima limekuwa kuni.

Matengo ndiyo ninayotumia kuwapima mafundi. Katika ngalawa, miti miwili inakingama juu ya kingo, mmoja mbele na mwingine nyuma, ikitokeza pande zote mbili. Kwenye ncha zake vinashuka vijiti vya mshazari, na vijiti hivyo ndivyo vinavyoshika mbao za matengo. Mbao zenyewe hazilali bapa juu ya maji, wala hazisimami wima. Zimeinamishwa, ili chombo kikiegemea, ubao upande juu ya maji yanayoukimbilia badala ya kujichimbia chini. Vingalawa vya dukani mara nyingi huwa na matengo bapa. Kwa kosa hilo peke yake najua kwamba aliyechonga hajawahi kupanda ngalawa.

Na vyote hivyo vimefungwa kwa kamba. Mawimbi yanavuta tengo la kulia huku yakisukuma la kushoto, na kiungo kinachokubali kidogo hudumu kuliko kilichokazwa kwa chuma. Zamani kamba ilikuwa ya makumbi ya nazi; siku hizi ni nailoni, mara nyingi iliyosalia kwenye nyavu zilizochakaa. Katika kipimo chetu, kamba ya milimita 12 inakuwa uzi wa milimita moja. Hapo gundi inashawishi sana: tone moja, ngoja kidogo, kimeshika. Fundi ninayemheshimu haitaki. Anapitisha uzi kwenye nta ya nyuki usiteleze, anauzungusha mti na kijiti, mzunguko kando ya mzunguko bila kupandana, kisha anaupenyeza katikati ya miti hiyo miwili na kuikaba ile mizunguko yote, halafu anamalizia kwa fundo lile lile analofunga mvuvi. Kazi hiyo hurudiwa kila mahali kijiti kinapokutana na mti na kila mahali mti unapokutana na ukingo. Ukitaka kujua kama haikugundishwa, shika mwili kwa mkono mmoja na tengo kwa mwingine, sukuma taratibu. Kilichofungwa kinakubali kidogo kisha kinarudi. Kilichogundishwa hakikubali mpaka kikatike, na hapo utakuwa umeshakinunua.

Sidhani naikuza mno kazi hii ya kufunga. Mwaka 1919 Mwingereza James Hornell, mtafiti wa vyombo vya baharini, aliandika juu ya undugu wa ngalawa za Afrika Mashariki na vyombo vya visiwa vya Indonesia, ambako ndiko walikotoka waliohamia Madagaska zamani. Mwili wa gogo usingemwambia mengi, kwani magogo huchongwa dunia nzima. Ushahidi ulikuwa kwenye matengo na namna yanavyoungwa na chombo.

Tanga lina ugumu wake. Mlingoti wa ngalawa umeinamia mbele kidogo, na foromali, yaani mti unaobeba tanga, inaning'inia juu yake mshazari, ncha ya chini imevutwa mbele, ya juu imeelekea nyuma. Bafta jipya ni gumu mno kwa chombo cha sentimita 45, linasimama tu. Linalofaa ni lile lililochakaa kwa kufuliwa. Fundi hulishonea dasi pembeni, hulichovya kwenye maji ya uwanga wa muhogo, hulifunga kwenye foromali na kulitia tumbo kwa mkono kabla halijakauka. Na akishalitia tumbo, ameshaamua kwamba kuna upepo. Labda ni umande unaovuma alfajiri kutoka bara na kuwatoa wavuvi, labda ni upepo wa bahari unaowarudisha mchana. Wowote uwao, tanga likijaa chombo huegemea: tengo la upande wa demani, upepo unakoelekea, linalala majini, la upande wa goshi, upepo unakotoka, linainuka. Lakini vigingi vya kuonyeshea vya dukani hukiweka chombo sawasawa huku tanga limejaa. Huo ni upepo usiogusa chombo. Ama kigingi kiinamishwe, ama tanga likunjwe kwenye foromali, na tanga lililokunjwa vizuri ni kazi ya kutosha.

Kuna wanaotaka kingalawa kiende kweli majini. Hapo hesabu inamgeuka fundi. Ukipunguza kila urefu mara 12, eneo la tanga linapungua mara 144 na uzito mara 1,728. Nguvu ya kupindua inatokana na eneo la tanga na urefu wa mlingoti, hivyo imepungua mara 1,728. Nguvu ya kukirudisha wima inatokana na uzito na upana wa matengo, hivyo imepungua mara 20,736. Upepo wenyewe haukupungua hata kidogo. Matokeo yake, kingalawa kilicho sahihi kwa kila kipimo kinapinduka kwa urahisi mara kumi na mbili kuliko ngalawa iliyopimwa. Mtoto anayeshindanisha chombo chake kwenye dimbwi la maji ya bahari hana habari na hesabu hiyo, ila dawa anaijua: anapunguza tanga au anatanua matengo. Chake kinakwenda na hakifanani. Cha fundi kinafanana na hakiendi.

Linabaki swali la ngalawa ya lini. Wengi huchonga ya zamani wanayoifikiria, kamba zote za makumbi na tanga jeupe. Mimi napendelea ya leo: kamba ya nailoni ya buluu, tanga lenye kiraka cha turubai na kingine cha mfuko wa unga, dumu la plastiki lililokatwa likawa upo wa kukumbia maji, kafi, upondo, nanga, mishipi imezungushwa kwenye vibao. Na dema, mtego wa samaki, kama fundi ana wazimu wa kutosha. Kulisuka dema kwa chelewa zilizopasuliwa nyembamba, lenye matundu ya pembe sita na mdomo unaoingia ndani, kunaweza kula muda mwingi kuliko kuchonga mwili wa chombo, na mtazamaji atalitupia jicho mara moja tu.

Kwamba kazi hii ina faida kubwa kuliko pambo la mezani tumeliona kwa mtepe, chombo cha Lamu kilichoshonwa kwa kamba ya nazi na kubeba tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003, mtepe uliopewa jina la Shungwaya ulipoundwa Zanzibar, hapakuwa na wa zamani hata mmoja wa kuupima. Vilivyobaki vilikuwa picha, maandishi na mifano midogo, ya aina ile inayoonekana katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa. Shungwaya uliwekwa Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Ngalawa hazijafika huko, bado ziko mchangani. Lakini boti za faiba zinaongezeka, na serikali imewakopesha wavuvi boti hizo. Sina ugomvi nazo. Mvuvi ana haki ya chombo kisichooza. Ninachotaka ni ngalawa zipimwe sasa, wakati wanaoziunda wapo wa kuulizwa. Makumbusho ya Misheni Katoliki ya Bagamoyo, au TaSUBa, taasisi ya sanaa ya hapohapo Bagamoyo penye wanafunzi, pangefaa kuwe na kingalawa kimoja cha wanda kwa shibiri, kisicho na tone la gundi, kikiwa na karatasi ya vipimo vya ngalawa iliyopimwa, na kando yake gurudumu la uzi na donge la nta, ili mwanafunzi afungue tengo moja na kulifunga upya mbele ya fundi. Na fundi huyo alipwe kwa siku alizotumia, kwa sababu dukani bei hupangwa kwa urefu, na kwa kipimo hicho jahazi la gundi la sentimita 60 litamshinda kila mara.