Chenso Imepata Kiti Chake Kwenye Trekta!

Jamani, watu wa chenso, acheni mnachofanya! Nimetoka karakana moja ya kuchomelea vyuma hapa Mafinga, mikono bado inanuka oili, na habari hii haiwezi kulala. Kuna fundi ametengeneza kibebeo cha chenso cha kufunga kwenye trekta, nami nimekifunga, nimekiendesha na kukitikisa kwa nguvu zangu zote. Kinashika! Kinashika kweli!

Aliyewahi kufanya kazi kwenye misindano ya Sao Hill anajua tunavyobeba siku zote. Chenso inarushwa juu ya magogo kwenye tela, au inalazwa kwenye madigadi, dereva anaishikilia kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye usukani. Au inawekwa miguuni pa dereva, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mvua imenyesha Mufindi, udongo mwekundu unateleza, tela limeshiba magogo na mbele kuna mteremko. Chenso ya kukatia miti mikubwa, injini peke yake ina kilo sita au saba, inaserereka na kujikita chini ya pedali ya breki. Dereva anakanyaga, pedali haishuki. Hapo hakuna ujuzi wa udereva utakaomsaidia.

Sasa tazama fundi alivyofikiri! Kibebeo kinaishika chenso kwenye baa, kama ala inavyolishika panga. Ala yenyewe ni vipande viwili vya ubao mgumu vilivyobanwa kwa vyuma bapa, katikati kuna mwanya ambao baa inaingia yote pamoja na cheni. Meno hayagusi chuma hata kidogo, kwa hiyo makali uliyoyanoa asubuhi unayakuta kazini. Mwisho wa ala umeachwa wazi, unga wa mbao na oili ya cheni vinadondoka nje badala ya kuganda ndani. Nani alimfundisha huyu mtu?

Na hajaisimamisha chenso baa ikiwa chini. Ameilaza, imekaa vilevile inavyokaa ikiwa ardhini, sehemu ya injini ikiwa juu ya sahani ya chuma yenye ukingo. Mkao huo ni muhimu mno, kwa sababu chenso iliyoning'inizwa mdomo chini huvujisha oili ya cheni njia nzima. Baa inaelekea nyuma, juu ya tairi kubwa, kwa hiyo hata ekzosi ambayo bado ni ya moto inampa dereva mgongo. Mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu unapita juu ya mpini wa mbele na kunasa kwenye ndoano. Unaufungua kwa mkono mmoja, hata ukiwa umevaa glavu!

Lakini kilichonifanya nimshike fundi mkono ni namna kibebeo kinavyofungwa. Kinakaa kwenye nguzo ya ile fremu ya chuma nyuma ya kiti, inayomkinga dereva trekta likipinduka. Uswidi ililazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo tangu 1959, na ndiyo inayomwachia dereva nafasi ya kupumua trekta likiwa miguu juu. Ukiitoboa au kuichomelea chochote, umeidhoofisha, nayo inaweza kukatika siku ile ile inapohitajika. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kwamba nitakuta kovu la kuchomelea. Hakuna! Ni yuboti nne tu zinazoizunguka nguzo, zimewekewa mpira ndani ili zisikwaruze rangi wala kupiga kelele. Ukitaka kukitoa, unafungua nati, na fremu inabaki kama ilivyotoka kiwandani.

Tulikijaribu kwenye Massey Ferguson yenye tela, njia ya mashimo, magogo yakigongana nyuma. Chenso ilitulia kabisa! Nilimwambia dereva apite kwenye matuta kwa mwendo ambao kwa kawaida ningemkemea, na kilichoyumba ni sisi tu. Tuliposimama nikashika nati: mbili zilikuwa zimeanza kulegea. Fundi hakubisha, palepale akaongeza nati ya pili juu ya kila moja ili zibanane. Ukikinunua, hakikisha zimo, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza, kwa maana mpira mpya hujibana.

Upungufu mmoja haukubali kufichwa. Kwa baa ya sentimita 50 kila kitu kinaishia ndani ya ukingo wa tairi. Ukiweka zile baa ndefu za kupasulia mbao, ncha ya ala inatokeza nyuma, na trekta likikata kona kali, pembe ya tela inaisogelea vibaya. Kwa baa hizo mimi nasema ivue, uivishe kifuniko chake na uisafirishe peke yake. Dumu la petroli nalo lifungwe upande mwingine wa trekta, mbali na ekzosi zote mbili. Na kibebeo hakikuondolei kazi yako: zima injini ya chenso, vuta breki ya cheni, kagua vifuniko vya tangi, ndipo uiingize kwenye ala.

Natamani pia tundu la kufuli, maana chenso nzuri ina wapenzi wengi njiani. Fundi ameahidi kulitoboa kwenye ndoano, si kwenye fremu! Vya kwetu nimeshaviagiza. Nguzo za matrekta hazilingani, kwa hiyo ukienda kwake, nenda na upana na unene wa nguzo yako, umbali kutoka nguzoni hadi ukingo wa nyuma wa tairi, na chenso yenyewe ili aipime ala papo hapo.