Chuma kimepona, watu wamebaki inje

Ndugu zangu, leo siko na neno juu ya mihogo wala mbolea. Niko na neno juu ya vifaru, na msinicheke kwanza.

Kule Aberdeen, katika jimbo la Maryland, Marekani, jeshi lilianza kukusanya silaha za adui mwaka 1919, vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha. Walitaka kuzifungua na kuona mwenzao alitengeneza namna gani. Pole pole ikakuwa makumbusho. Vifaru vilipangwa inje kwenye majani, na raia alikuwa anakuja na watoto wake kuviangalia. Mwaka 2005 tume ya kupanga upya kambi za jeshi ikaamua kwamba shule ya mafundi wa silaha itahamia Fort Lee, Virginia. Makumbusho yalifungwa Septemba 2010, mkusanyo ukafuata shule.

Nitasema haki: kuhama kuliokoa vitu. Mwenye aliacha trakta inje misimu miwili ya mvua anajua kutu inafanya nini, na vile vifaru vilinyeshewa miaka na miaka. Hata Leopold, ule mzinga wa reli wa Wajerumani wa tani zaidi ya 200 wenye ulipiga Waamerika pale Anzio mwaka 1944, ulihamishwa pia. Kazi kubwa, naipongeza.

Lakini kule Fort Lee vitu vimekuwa vifaa vya kufundishia askari. Raia anaingia siku chache tu wakifungua mlango. Hapo ndipo mimi nakataa. Fundi wa jeshi anajifunza breki na injini, ni sawa. Na huyu mwenye alilipa kodi, mwenye babu yake alipigwa na ule mzinga, yeye ajifunze wapi?

Chukua mfano wa kwetu wa kilimo. Ile minyororo ya kifaru haikuzaliwa jeshini. Benjamin Holt, kule California, aliivalisha trakta zake juu ya udongo laini wenye ulikuwa unameza magurudumu. Uzito ukitawanyika, udongo unabeba: ni somo la mwaka wa kwanza wa agronomi. Jeshi la Uingereza lilitumia trakta za Holt kuvuta mizinga, na wazo la minyororo likaenda mpaka kwenye kifaru cha 1916. Mtoto akisimama mbele ya kifaru na mtu wa kumwelezea, anaona jembe na vita vimetoka karakana moja. Katika darasa la askari, nani atamwambia hiyo?

Sasa jambo lenye linanikera zaidi. Katika mkusanyo huo kuna mzinga M65, milimita 280, wa kurusha bomu la atomiki. Mzinga wa aina hiyo ulirusha moja kweli, Nevada, tarehe 25 Mei 1953. Sisi watu wa Katanga habari ya atomiki inatugusa. Uranium ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliingia katika bomu la Hiroshima. Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa ametuma New York tani karibu 1.200 za madini hayo mapema, mwaka 1940. Shinkolobwe yenyewe ilifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004. Kule penye udongo ulitoka pamefungwa, na kule penye chuma kimewekwa mlango ni wa kuombea ruhusa. Mjukuu wa mchimbaji aanzie wapi kusoma historia yake?

Watu watasema ni mali ya jeshi lao. Ndiyo, ni yao. Hata hivyo siku chache kwa mwaka ni kidogo sana kwa mkusanyo wa zaidi ya miaka mia.

Mwenye kuwa na ndugu kule Virginia, amuombe aende siku wanafungua, atupigie picha ya kibao cha ule M65. Nataka kuona kama neno Kongo limeandikwa hapo.