Ubao Usio na Uzito

Mlango wa gereji ya nyumbani, yaani banda la kuegeshea gari lililojengwa pamoja na makazi, huchukua nafasi kubwa katika uso wa nyumba nyingi za Marekani, lakini mara nyingi ndio uliopewa fikira ndogo kuliko vyote. Milango ya awali ya mabanda hayo ilikuwa ya mbao, nayo ilifunguliwa pande mbili au kusukumwa kando kama ilivyo milango ya mazizi ya farasi. Kisha mwaka 1921 C. G. Johnson akabuni mlango wa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, unaopanda kwa kufuata reli hadi ukalala chini ya dari, na mwaka 1926 akauongezea mota ya umeme. Baadaye bati la chuma lilichukua nafasi ya mbao, kwa kuwa halivimbi kwa mvua, haliliwi na mchwa, na bei yake ni nafuu. Mitaa mizima ikabaki na milango myeupe isiyo na sura.

Mwenye nyumba asiyemudu mlango wa mwerezi hufikiria kwanza kugongomea mbao nyembamba juu ya bati, na hapo hukutana na jambo lisiloonekana kwa macho, kwamba mlango huo huning'inia kwa mizani. Springi iliyofungwa juu yake hukazwa kwa kadiri inayolingana na uzito wa mlango, hata mtu akaweza kuuinua kwa mkono mmoja. Kila ubao unaoongezwa huvuruga ulinganifu huo na kuilemea mota, na springi yenyewe, kwa nguvu iliyofungiwa ndani yake, yaweza kumjeruhi vibaya asiye fundi anayejaribu kuirekebisha. Ndiyo maana kuuchora ubao ni busara kuliko kuugongomea.

Sanaa ya kuiga kwa rangi mistari, vifundo na miali ya mbao haihitaji vifaa vingi. Bati huoshwa, hukwaruzwa kwa msasa mwembamba ili rangi ishike, kisha hupakwa rangi ya msingi na, juu yake, rangi inayofanana na sehemu nyepesi kuliko zote za mbao inayoigwa. Rangi hiyo ikikauka, hufuata tabaka jembamba la rangi nyeusi zaidi inayopenyeza mwanga, na kazi yote hufanyika kabla tabaka hilo halijakauka, kwa kuliburuza kwa brashi kavu, kulichana kwa kitana cha chuma au cha mpira, na kulifuta hapa na pale kwa kidole kilichofungwa kitambaa ili kuitoa miali ya mwaloni. Mafundi wa zamani walipoiga mahogani walichanganya rangi ya unga na bia iliyochacha, kwa kuwa bia huacha utando unaoishika rangi hiyo hadi vanishi ipakwe.

Hata hivyo, mkono peke yake hautoshi, kwa maana mchoraji wa ubao hana budi kufikiri kama seremala. Mlango wa kweli huundwa kwa vipande, na mistari ya kila kipande hufuata urefu wake: katika mihimili ya wima hupanda, katika ile ya mlalo hulala, na mahali vinapokutana hukatika ghafla kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo fundi huziba mipaka kwa utepe, huchora kwanza paneli za ndani, kisha mihimili ya mlalo, na mwisho ya wima, ili kila kiungo kikae pale ambapo seremala angekiweka. Anayelisahau hilo na kuburuza brashi kwa mkupuo mmoja hupata bati lenye michirizi. Na anayetegemea mno kifaa cha mpira kilichochongwa jicho la mti hulirudia jicho lile lile katika kila paneli, jambo ambalo mti haulifanyi kamwe.

Ufundi huu una nasaba ya heshima. Mwaka 1797 George Washington alichorewa mahogani juu ya mbao za msonobari katika ukumbi wa kati wa nyumba yake ya Mount Vernon, na vibao vya Thomas Kershaw, fundi Mwingereza aliyetuzwa katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert. John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu usanifu majengo, alishutumu uchoraji wa kuiga vifaa vya ujenzi kuwa ni uongo. Shutuma hiyo ina uzito pale mnunuzi anapouziwa msonobari kwa bei ya mwaloni, lakini haimgusi anayepamba bati lake mwenyewe, kwani huyo hamwibii mtu. Bali amelazimika kuutazama ubao kwa makini ambayo wengi wanaoununua hawajawahi kuwa nayo.

Hubaki ulinzi wa vanishi ya nje yenye kinga ya jua, ambayo ndiyo inayochakaa badala ya mchoro. Mlango unaotazama jua la alasiri huhitaji kupakwa tena mapema kuliko ulio kivulini, na vanishi ikiongezwa kabla haijaanza kubanduka, mchoro ulio chini yake hauguswi.