Kilo Ishirini

Lori la shehena linaloshika barabara ya Himo kwenda Holili, livuke mpaka hadi Taveta, halipimwi uzito wa jumla peke yake. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019, inaweka ukomo wa juu wa tani 56 kwa gari zima na ukomo mwingine kwa kila ekseli. Dereva aliyebeba chini ya hapo bado anaweza kupigwa faini iwapo mzigo umelalia nyuma na ekseli moja imeelemewa. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba lami huumizwa na ukaaji wa mzigo kama inavyoumizwa na ukubwa wake.

Mgongo wa binadamu nao uko hivyo hivyo, ila hakuna anayeupitisha kwenye mizani.

Wanaolijua hilo bila kusomeshwa ni makuli wanaopakia mahindi, maharage na vitunguu. Mtazame mzoefu akitwikwa. Wenzake wawili wanashika gunia kwenye pembe, wanalibembeza mara moja, mara ya pili wanalipandisha. Yeye ameshatangulia chini yake: miguu imeachana, magoti yamekunjwa kidogo, kichwa kimeinama kupisha gunia likae kati ya shingo na mabega. Haondoki papo hapo. Anasubiri mzigo utulie, anainuka kwa nguvu ya mapaja, kisha anapanda ubao wa Fuso kwa hatua fupi fupi. Kutua nako kuna ufundi wake, na ndiko kunakowashinda wageni wa kazi. Mgeni hujipinda kiuno na kulitupa gunia. Mzoefu huligeuzia rundo mgongo, hushusha nyonga na kuliacha liteleze lenyewe.

Tatizo ni gunia. Kanuni za vipimo nchini zinataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepambana kwa miaka mingi na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake likashonewa nyongeza kwa kamba. Vita hiyo husemwa ni ya kumtetea mkulima asipunjwe. Kuli, ambaye angefaidika kuliko wote, hatajwi. Na hata hizo kilo 100 halali ni karibu mara mbili ya kilo 55 ambazo Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 128 la mwaka 1967, lilizitaja kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja. Ufundi wa kuli umezaliwa na dhiki: mzigo kapangiwa na mwingine, kwa hiyo amejifunza kuupokea vizuri.

Kuna mtu mwingine anayebeba vizito ambaye hapangiwi na yeyote. Katika jimu za mtaani, Moshi kama Dar es Salaam, chuma aghalabu ni bomba lililochomekwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Anayeingia humo jioni kupiga tizi hana tajiri wala lori linalomsubiri. Mzigo anauchagua mwenyewe, na mara nyingi anauchagua vibaya.

Kijana analala kwenye benchi kupiga chesti. Chuma kinashuka kwa kasi, kinagonga kifua na kudunda. Makalio yanaachana na benchi, kiwiko cha kulia kinakitangulia cha kushoto. Mwenzake aliyesimama kichwani pake anavuta chuma kwa mikono miwili huku akipaza sauti: “Yako hiyo! Malizia!” Chuma kinarudi mahali pake, na wote wawili wanamhesabia aliyelala. Wiki ijayo kopo jingine litaongezwa. Misuli ya kifua iliyokusudiwa kufanya kazi imepata sehemu tu ya zoezi. Kilichobaki wamegawana mabega, kiuno na yule rafiki.

Kuinua chuma kutoka sakafuni hufichua zaidi. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, katika kanuni yake ya kukokotoa uzito salama iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanzia kilo 23. Hicho ni kiwango cha mazingira bora kabisa: mzigo una pa kushika, uko usawa wa mikono iliyoning’inia, na hauzidi sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu. Ukisogezwa hadi sentimita 50, kiwango kinashuka hadi kilo 11.5. Mzigo ni ule ule; kilichobadilika ni urefu wa wenzo ambao uti wa mgongo unapaswa kuushinda. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaorudia kazi kutwa nzima, na mnyanyuaji aliyefunzwa huinua mara nyingi ya hapo, lakini hesabu ya wenzo haimsamehe mtu. Ndiyo maana mjuzi hukivuta chuma kikipita karibu kabisa na miundi, na ndiyo maana mgongo unaoanza kupinda chuma kikiwa bado chini unaonyesha kwamba uzito umeshamzidi mtu, hata akifanikiwa kusimama nao.

Chuma kitupu cha mashindano ya wanaume, kabla hakijavishwa chochote pembeni, kina kilo 20. Wanaoanza mazoezi huona aibu kukinyanyua hivyo hivyo mbele za watu. Ukitoka Holili kurudi Himo na kupanda Marangu, kilo hizo hizo 20 zinahesabiwa tofauti. Huo ndio ukomo wa mzigo wa msafara kwa mpagazi mmoja wa Mlima Kilimanjaro, ukiacha vitu vyake binafsi, na mizigo hupimwa langoni kabla ya safari. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003, umekuwa ukifuatilia kama kampuni zinazoshirikiana nao zinauheshimu ukomo huo.

Hakuna anayemwona mpagazi huyo mnyonge. Anatoka langoni, chini ya mita 2,000, na siku chache baadaye yuko kibanda cha Kibo, takriban mita 4,700, ambako kila pumzi humpa oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya usawa wa bahari. Mabegi ya wageni huwekwa kichwani au nyuma ya shingo, na begi lake mwenyewe mgongoni. Vizito hufungwa karibu na mwili. Trei la mayai hubebwa mkononi, na kila hatua iliyopigwa ovyo huonekana wakati wa kupika.

Sayansi iliwahi kuja kuangalia ufundi wa namna hii jirani tu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mwanafiziolojia Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kikuyu, wanaobeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na wa Kiluo, wanaobeba utosini. Walipopimwa oksijeni wanayotumia wakitembea, ilionekana kuwa wanaweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza sababu: katika kila hatua mwili wao hupanda na kushuka kama bembea inayopoteza nguvu kidogo kuliko ya watu wengine. Vipimo vya baadaye Afrika Kusini havikuikuta nafuu hiyo kwa kila mbebaji. Watu walitofautiana sana, hata miongoni mwa waliobeba tangu utotoni.

Kwenye kilele cha mchezo wenyewe wa kunyanyua vyuma, Lasha Talakhadze wa Georgia aliinua kilo 267 hadi juu ya kichwa mjini Tashkent, Desemba 2021. Waamuzi watatu walikuwa wakitazama viwiko vyake. Kiwiko kikikunjika na kunyooshwa tena wakati wa kumalizia, taa nyekundu huwaka na kilo zote zinahesabiwa sifuri. Hakuna rafiki wa kuvuta chuma pamoja naye.

Tangu mwaka 2005 nyongeza ndogo kabisa katika mashindano hayo ni kilo 1. Kabla ya hapo ilikuwa 2.5. Mabingwa wa dunia wanapandishana kwa kilo moja moja, wakati jimu ya mtaani inaruka kopo zima la rangi kila upande, kwa kuwa hakuna aliyetengeneza dogo. Fundi anayemimina zege kwenye makopo ya rangi angeweza kumimina pia kwenye makopo ya maziwa ya unga, akayapima moja moja kwenye mizani ya duka la nafaka na kuandika uzito wa kila moja kwa rangi.