Herufi Zilizofichwa Chini ya Mtutu

Kwa mtu wa Mpanda, risasi ilikuwa jiwe kabla haijawa kitu cha kutoka kwenye bunduki. Ni madini ya risasi yaliyoileta reli kutoka Kaliua na kuufanya mji wetu uwe mji, enzi za mgodi wa miaka ya 1950. Kwa hiyo nilicheka peke yangu niliposoma kwamba bunduki ya Kiingereza huitwa namba 12 kwa sababu ratili moja ya risasi hutoa vidonge 12 vya kuenea mtutu wake. Kumbe silaha yote ile ya kifahari inapimwa kwa madini ya kwetu!

Kitabu chenyewe ni *The Gun and Its Development* cha W. W. Greener, fundi na mwenye kiwanda wa Birmingham. Kilitoka mara ya kwanza 1881, toleo la tisa likafuata 1910, na leo kinapatikana bure mtandaoni. Najua utauliza, msomaji: blogu ya fasihi na vitabu vya bunduki wapi na wapi? Hebu nivumilie. Greener ni mwandishi. Akieleza mtutu wa Damascus, anakupeleka hatua kwa hatua: vipande vya chuma na feleji vinapangwa, vinaunganishwa kwa moto, vinavutwa kuwa fito, fito zinasokotwa kama kamba, kisha zinazungushwa kwenye nondo na kugongwa hadi ziwe bomba. Yale mawimbi unayoyaona juu ya mtutu si pambo la kupakwa. Ni kumbukumbu ya msokoto. Waandishi wetu wangapi wanaweza kueleza kazi ya mikono kwa subira ya namna hiyo? Sisi tukifika kwa fundi tunaandika "akachukua nyundo, akafanya kazi", basi, tunakimbilia mapenzi.

Kitabu hiki kinasomeka vizuri zaidi ukikiweka kando ya bunduki yenyewe, hasa bunduki ya zamani ya marisau, ya mitutu miwili, iliyofufuliwa na fundi wa leo. Video zake zimejaa mtandaoni, na nakiri zimenila usiku mwingi. Humo utaona mafundi wa aina mbili. Wa kwanza ana haraka. Anapiga msasa mpaka kila kitu king'ae: kutu imekwenda, na nakshi imekwenda nayo, kingo zimeviringika, mawimbi ya Damascus yamefutika. Bunduki inapendeza kama sufuria mpya. Wa pili anaweka kitambaa kibichi juu ya kitako cha mti wa jozi, anapitisha chuma cha moto, na mvuke unauinua mbonyeo bila kukwangua mbao. Anapaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, siku nyingi. Mtutu anaurudishia rangi taratibu kwa dawa, mpaka mawimbi yajitokeze tena.

Ukiwahi kushika utenzi uliohaririwa kutoka kwenye hati ya kale, unawajua watu hawa wawili. Mmoja "anasahihisha" mpaka mshairi anaongea kama gazeti la jana. Mwingine anaacha alama za mkono uliotangulia, na akigusa anakuambia amegusa wapi. Kufufua ni kujua pa kuishia.

Sasa kuna kitu fundi wa pili anakikuta ambacho wa kwanza anaweza kukifuta bila kujua. Juu ya bunduki limechongwa jina la duka, kwa maandishi ya kujivuna. Lakini Birmingham ile kazi iligawanywa: mmoja alitengeneza mitutu, mwingine mtambo wa kufyatulia, mwingine kitako, mwingine nakshi. Ukiitenganisha mitutu na kuigeuza, chini yake, karibu na mihuri ya ofisi ya majaribio iliyoanzishwa mjini humo 1813, mara nyingi utakuta herufi mbili ndogo zimegongwa. Ni za mfanyakazi. Mwenye kuinunua hakukusudiwa kuziona.

Hapo ndipo lawama yangu kwa Greener inapoanzia. Mikono anatuonyesha, tena kwa ustadi. Ila majina yanayojaza kurasa zake ni ya wavumbuzi, wenye hataza na wenye maduka. Wenye herufi mbili wamebaki kuwa "fundi wa hili", "fundi wa lile".

Tusimcheke haraka lakini, maana huku Katavi hata hizo herufi hatuna. Gobore la kienyeji nalo ni kazi ya fundi: bomba limetafutwa, mbao imechongwa, mtambo umekatwa kwa tupa. Fundi huyo haandiki jina lake popote, kwa kuwa jina ni ungamo. Akikamatwa nalo, sheria ya silaha ya 2015 haina mchezo naye. Simtetei. Gobore limemwaga damu ya wanyama na ya watu. Nasema tu kwamba ustadi ukilazimika kujificha, hauachi maandishi, na mhakiki wa kesho atadhani haukuwepo. Tayari tunasahau kwamba jirani zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo zinazompita mtu kimo, kabla chuma cha dukani hakijawaua njaa wafua vyuma.

Na waliochimba risasi pale Mpanda? Reli inatajwa kwenye ramani, mgodi unatajwa kwenye ripoti za madini. Riwaya ya mchimbaji bado naisubiri.

Kwa hiyo, soma Greener. Kisome kama darasa la kueleza kazi, na kama onyo. Kisha, kama kwenu bado yupo mzee aliyeshuka shimoni, nenda ukakae naye jioni moja na daftari. Muulize jembe lake lilikuwaje, taa yake, nani alifanya kazi kushoto kwake. Andika majina kamili. Herufi mbili hazitoshi.